Bati Gani kwa Paa Lako? Mwongozo kwa Anayejenga Nairobi

Maswali ni yale yale kila msimu. "Nichukue geji 30 au 28?" "Boksi profaili si bora kuliko ya mawimbi?" "Hii ya chembe za mawe itakaa miaka mingapi?" Mengi yanahusu umbo, rangi na jina, na hayo ndiyo ya mwisho kuangaliwa. Paa la chuma hudumu au huoza kwa sababu tatu: unene wa chuma chenyewe, uzito wa mpako uliokifunika, na vitu vinavyogusana nalo pamoja na maji yanayolipitia. Ukizishika hizo, muuzaji wa Barabara ya Enterprise au Kariobangi Light Industries hatakuzungusha.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, au paa la mabati juu ya slebu ya ploti, kuanzia Ruai na Juja hadi Rongai na Kitengela. Anayejenga Mombasa au Kilifi asiutumie hivi ulivyo. Chumvi ya bahari hula zinki kwa kasi nyingine kabisa.

Uwe na hivi kabla ya kwenda dukani

- Vipimo vya paa, si vya nyumba. Urefu na upana upimwe pamoja na upenu wa kila upande.
- Mwinamo wa paa: linapanda milimita ngapi kwa kila mita moja ya mlalo. Mchoraji ramani akikupa nyuzi, nyuzi 5 ni milimita 87, nyuzi 10 ni 176, nyuzi 15 ni 268, nyuzi 20 ni 364.
- Maikromita, kile kifaa cha kupima unene wa bati. Rula haina kazi hapa.
- Sumaku ndogo, uzi wa mita mbili na mizani ya kuning'iniza.
- Jina la dawa iliyotiwa mbao zako. Muulize aliyekuuzia.
- Orodha ya vitakavyokaa juu ya paa: tangi, paneli za sola, hita ya maji ya jua, dishi.
- Masharti ya mtaa kwa maandishi. Mitaa mingi yenye usimamizi hulazimisha vigae au rangi fulani, na masharti hayo huandikwa kwenye mkataba wa kiwanja. Yasome kabla ya kulipa amana.

Kama unaezua paa la zamani la asbesto, simama kwanza. Usilivunje, usilitoboe, usilirushe chini. Linaondolewa na mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na hiyo ni bajeti ya pekee.

Metali zilizoko sokoni

*Chuma chenye zinki* ndilo bati la kale, lile jeupe linalofifia na kuwa kijivu. Zinki hujitoa mhanga: huliwa yenyewe kwanza ili chuma kisiliwe, na ndiyo maana hata mahali palipochubuliwa kidogo hapashiki kutu upesi.

*Aluzinki* ni chuma kilekile, ila mpako wake ni mchanganyiko wa alumini asilimia 55, zinki karibu 43.5 na silikoni kidogo. Kwenye hewa ya kawaida hushinda zinki tupu kwa mbali. Udhaifu wake ni kuwa unachukia saruji mbichi, mkojo wa ng'ombe na shaba. Mabati mengi ya rangi mjini ni aluzinki iliyopakwa rangi kiwandani.

*Mabati ya chembe za mawe* pia ni chuma chenye aluzinki, mara nyingi cha milimita 0.4 hadi 0.5, kilichonyunyiziwa chembechembe za mawe zilizoshikwa kwa gundi. Watu huyaita vigae, lakini mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 6 au 7 tu, ilhali kigae cha udongo huvuka 40.

*Alumini* haishiki kutu nyekundu. Ni nyepesi na laini, hivyo mvua ya mawe huibonyeza. Hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na bei yake utaihisi.

*Shaba* hudumu kuliko zote, na kwa nyumba ya kawaida Nairobi ni kumwalika mwizi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara nzima ya vyuma chakavu kwa sababu ya wizi wa vifaa vya umeme. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye mwaka huo, lakini soko la shaba ya wizi halikufa. Hatutaizungumzia tena isipokuwa pale inapoharibu mabati mengine.

Hatua

1. Andika bati litagusana na nini.

Anzia hapa, kabla ya rangi. Zunguka kiwanja na ramani mkononi ujibu haya:

Kuna vumbi la saruji? Ukiwa Athi River upande wa viwanda vya saruji, vumbi hilo likilowa umande hugeuka kuwa kitu kinachomumunya zinki na alumini zote mbili. Chukua bati lililopakwa rangi au la chembe za mawe, wala usiweke aluzinki tupu wala alumini tupu.

Kuna zizi au banda la kuku chini ya paa? Amonia hupanda na kulishambulia bati kwa ndani, upande ambao hakuna anayeuangalia. Aluzinki haifai hapo, na viwanda vingi haviipi dhamana juu ya mifugo. Tumia zinki nzito iliyopakwa rangi pande zote mbili, na uache nafasi pana ya hewa juu ya ukuta.

Utaweka hita ya jua? Nyingi zina bomba za shaba, na tone moja linalodondoka kila siku huchukua shaba kidogo kulipeleka kwenye bati. Mahali hapo patatoboka huku paa lote likiwa zima. Bomba la kumwagia lipitishwe kwa plastiki hadi chini, lisimwage juu ya paa.

Mbao zimetiwa dawa gani? Dawa nyingi za kijani zina shaba ndani. Mbao zikiwa bado mbichi, dawa hiyo hula mpako pale bati linapolalia. Ziache zikauke kabisa, na kwa alumini weka utepe wa lami au wa plastiki juu ya kila pau, ule ubao unaobeba bati.

Kuna miti? Mjakaranda hujaza gata maua na majani, na uchafu uliolowa ukilala juu ya bati miezi miwili ni sawa na kuacha kitambaa kibichi juu ya jembe. Karibu na miti wanakolala kongoti, wale ndege wakubwa, kama ile ya Uwanja wa Nyayo, kinyesi chao huunguza rangi. Hapo chembe za mawe huvumilia zaidi, ila kuosha ni lazima.

2. Chagua metali.

Majibu ya hatua ya kwanza yatakuwa yameshaondoa baadhi. Yaliyobaki yaamue hivi:

Nyumba ya kuishi, hewa safi, bajeti ya kati: aluzinki yenye rangi. Hili ndilo jibu la watu wengi wa Nairobi, na si aibu kuwa jibu la kawaida.

Nyumba ya kukaa maisha, paa lina mwinamo wa kutosha na hutaki kelele za mvua: chembe za mawe. Zile chembe huvunja mshindo wa matone kuliko bati tupu.

Stoo, ploti ya muda, au kibanda cha mlinzi: zinki au aluzinki tupu, bila rangi. Rangi nyembamba juu ya bati jembamba ni pesa ya kupendeza macho.

Paa refu karibu tambarare lenye bati moja kutoka juu hadi chini, na fundi anayejua kazi hiyo hasa: alumini ya milimita 0.7. Kama fundi wako hajawahi kuifunga, usimfanyie mazoezi juu ya paa lako.

3. Chagua unene, na uzungumze milimita.

Geji ni namba ya kinyume: namba ikipanda, bati linapungua. Kwa kawaida geji 32 ni karibu milimita 0.25, geji 30 karibu 0.30, geji 28 karibu 0.40, geji 26 karibu 0.50. Neno zito hapo ni "karibu". Bati linaloitwa geji 30 dukani laweza kupima 0.30 au 0.25, na tofauti hiyo ni sehemu moja kwa sita ya chuma ulicholipia.

Kuna mtego mwingine. Unene unaotajwa mara nyingi ni wa kila kitu, pamoja na mpako na rangi. Mpako mzito wa aluzinki na rangi za pande zote mbili hufika karibu milimita 0.07. Bati la rangi la "0.30" laweza kuwa na chuma cha 0.23 tu. Uliza hivi: "Chuma chenyewe kabla ya mpako ni milimita ngapi?" Asiyejua akuonyeshe karatasi ya kiwanda.

Unene uende sambamba na nafasi za pau, yaani zile mbao za 2x2 au 3x2 zinazolalia kenchi na kubeba bati:

- chuma cha 0.25: pau kila milimita 600
- chuma cha 0.30: kila milimita 900
- chuma cha 0.40: hadi milimita 1,200
- alumini ya 0.7: kila milimita 900

Kuongeza mistari miwili ya pau chini ya bati jembamba wakati mwingine hugharimu sawa na kuchukua bati nene. Piga hesabu zote mbili. Kwa nyumba ya kuishi, usishuke chini ya 0.30 ya chuma. Siku ya kupandisha tangi au kusafisha paneli, mtu atatembea juu yake.

4. Uliza uzito wa mpako.

Maduka mengi hayatakuambia hili usipouliza. Mpako hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja, na huandikwa Z kwa zinki, AZ kwa aluzinki. Z100 ni gramu 100, Z275 ni gramu 275. AZ70 ni gramu 70, AZ150 ni gramu 150.

Gramu hizo zina maana gani? Z100 inakupa mikroni 7 za zinki kila upande, Z275 inakupa kama 19 (mikroni moja ni sehemu moja kwa elfu ya milimita). Hewa ya mji usio na chumvi hula zinki takriban nusu mikroni hadi mikroni mbili kwa mwaka, kutegemea moshi na unyevu. Ukichukua mikroni moja kwa mwaka, bati la Z100 litaanza kuonyesha kutu mwaka wa saba au wa nane, na lile la Z275 karibu mwaka wa ishirini. Kwa macho ya dukani, yote mawili yanang'aa sawa.

Kwa aluzinki, AZ150 ndiyo ya kutafuta kama bati litabaki tupu. Chini ya rangi, AZ100 inatosha kwa nyumba nyingi. AZ70 iweke kwenye stoo.

5. Linganisha umbo na mwinamo.

Sasa ndipo umbo linaingia. Mwinamo mdogo kabisa wa kila moja:

- bati la kufungwa kwa klipu, lisilotobolewa: milimita 50 kwa mita
- boksi profaili, lile lenye mikunjo ya pembe badala ya mawimbi: milimita 100 kama bati ni moja bila kiungo, 180 kama yanaunganishwa
- bati la mawimbi: milimita 180
- chembe za mawe: milimita 270

Onyo. Kosa linalorudiwa mjini ni kuweka vigae vya chembe za mawe kwenye paa lililolala, kwa kuwa jirani anavyo. Vigae hivyo vina viungo vingi vya mlalo. Mvua ya Aprili ikija na upepo, maji hurudi nyuma chini ya kiungo, na hakuna silikoni itakayokuokoa. Ama inua kenchi, ama badilisha bati.

6. Hesabu idadi.

Mfano: nyumba ya mita 10 kwa 8, upenu wa 0.6 kila upande, paa la migongo miwili lenye mwinamo wa nyuzi 20. Pamoja na upenu ni mita 11.2 kwa 9.2.

Nusu ya 9.2 ni 4.6. Zidisha kwa 1.064, kizidishi cha nyuzi 20, upate mita 4.9. Ongeza milimita 50 za kuning'inia juu ya gata. Agiza mabati ya mita 5, yakatwe kiwandani. Kwa nyuzi 15 zidisha kwa 1.035, kwa nyuzi 25 kwa 1.103, kwa nyuzi 30 kwa 1.155.

Idadi inategemea upana unaofunika, si upana wa bati zima. Sehemu ya kila bati hupotea chini ya jirani yake. Kama bati lina upana wa 0.9 lakini linafunika 0.8, gawanya 11.2 kwa 0.8: mabati 14 kila upande, jumla 28. Ukigawanya kwa 0.9 utapata 26, na Jumamosi jioni fundi atakuambia yamepunguka mawili. Yale mawili ya kuongezea mara nyingi hutoka kwenye koili nyingine, yaani msokoto mwingine wa bati kiwandani, na rangi haitalingana kabisa.

Paa la migongo minne au lenye mabonde, ongeza asilimia 10 hadi 15 ya mabaki. La migongo miwili, bati moja la akiba linatosha.

Kwa chembe za mawe, eneo la mteremko ni karibu mita za mraba 110. Ligawanye kwa eneo linalofunikwa na kigae kimoja. Vingi hufunika 0.46 hadi 0.48, basi ni vigae 230 hadi 240 kabla ya mabaki. Nafasi za pau za vigae hivi huwekwa na mtengenezaji kwa milimita kamili. Usipige pau kabla hujaishika karatasi yake.

Skurubu kwa mfano wetu: pau saba kila upande, tatu kwa kila bati kwenye pau za kati, nne kwenye pau ya chini na ya juu. Hiyo ni 23 kwa bati, 644 kwa yote, na kofia ya mgongo, ile mafundi wanayoiita riji, itachukua kama 76. Nunua 800.

7. Omba bei kwa kipimo kimoja.

Duka moja litakupa bei kwa bati, la pili kwa mita ya urefu, la tatu kwa mita ya mraba. Zibadilishe zote ziwe bei kwa mita ya mraba *inayofunikwa*, VAT ya asilimia 16 ikiwa ndani na usafiri ukiwa ndani. Kando ya kila bei andika unene wa chuma, mpako na dhamana. Bei isiyo na hayo matatu usiilinganishe na chochote.

Soma dhamana inavyosema. Inayolinda "rangi isipauke" si ile inayolinda "bati lisitoboke". Nyingi hufa ukikata bati kwa grainda au ukitumia skurubu za kwingine.

8. Kagua kabla ya kupakua lori.

Fanya haya lori likiwa bado limesimama:

Soma maandishi yaliyochapwa nyuma ya bati. Yanapaswa kutaja mtengenezaji na unene, na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango, ikiwa na namba ya kibali. Tuma SM# ikifuatwa na namba hiyo kwa 20023, uone kama jina la kampuni na bidhaa vinalingana na ulichoshika.

Pima kwa maikromita mahali patatu, sentimita chache kutoka ukingoni, kwenye sehemu bapa. Pima mabati matano tofauti, ya chini ya mzigo yakiwemo. Mabati mazuri hupangwa juu.

Kama huna maikromita, pima kwa mizani. Laza uzi ukifuata kila mwinuko na bonde kutoka ukingo hadi ukingo, uunyooshe, upime. Kisha: urefu wa bati kwa mita, mara urefu wa uzi kwa mita, mara unene kwa milimita, mara 7.85. Bati la mita 3 lenye uzi wa mita 1.05 na unene wa 0.30 linapaswa kuwa karibu kilo 7.4. Likija na kilo 6.2, umeletewa 0.25.

Sumaku isinate kwenye alumini. Ikinata, hiyo si alumini, hata risiti isemeje.

9. Nunua vifaa vya familia moja.

Hapa ndipo paa zuri huharibiwa na vitu vya bei ndogo. Skurubu ziwe na mpako wa kulingana na bati na washa ya mpira iliyo laini. Ikikunjwa kwa vidole ikapasuka, irudishe. Kwa bati linalofungwa juu ya wimbi, skurubu ya milimita 65 huingia kwenye mbao vizuri. Kwa alumini tumia skurubu za chuma cha pua, na tundu liwe pana kidogo kuliko skurubu. Bati la mita 6 likipoa alfajiri hadi nyuzi 12 na kupata nyuzi 60 za saa saba mchana, alumini husogea karibu milimita 6.6, chuma 3.5. Ukiibana, itajitafutia nafasi yenyewe kwa kurarua tundu.

Onyo la gata. Gata za zinki tupu zinazokunjwa Kamukunji ni kazi nzuri, lakini usizitundike chini ya paa la aluzinki au la rangi. Maji yanayopita kwenye paa la zinki hula zinki kidogo njiani na kufika kwenye gata yameshiba. Yanayotoka kwenye rangi au aluzinki hufika na njaa, na zinki ya kwanza kukutana nayo ni ya gata. Hutoboka pale matone yanapoangukia, katika mstari ulionyooka. Nunua gata za rangi, za aluzinki, au za plastiki. Zielekeze zishuke milimita 5 kwa kila mita, na bomba la milimita 100 kwa kila mita 50 za mraba za paa.

Kama unavuna maji, usitumie risasi kwenye viungo, na yaache maji ya mvua za kwanza yapite yasiingie tangini. Nyumba ya mfano wetu ina mita 103 za mraba kwa mlalo. Mvua ya milimita 10 huleta lita elfu moja na kidogo, na ukitoa za kupotea weka hesabu ya 800.

10. Hifadhi na upandishe bila kuharibu.

Yaweke juu ya vipande vya mbao, upande mmoja ukiinuka, na turubai lisiloyabana. Maji yakinaswa kati ya mabati yaliyopangwa, zinki hushika unga mweupe kwa siku chache, na aluzinki huwa na mabaka meusi.

Kata kwa mkasi wa bati au mashine ya kutafuna. Grainda huunguza mpako, na cheche zake hunata juu ya rangi na kushika kutu kila moja mahali pake. Usiweke alama kwa penseli juu ya aluzinki: risasi ya penseli ni kaboni, nayo huacha mstari wa kutu. Tumia kalamu ya wino.

Upepo wa Nairobi mara nyingi hutoka mashariki, kwa hiyo anza kupanga upande wa magharibi, kila bati jipya likipanda juu ya lililotangulia. Bati la mawimbi lifungwe juu ya wimbi, kamwe si bondeni. Kaza hadi washa ijae, iishie hapo. Ikichomoza pembeni umepitiliza. Mwisho wa kila siku fagia vumbi la chuma, usilisubiri kesho.

Mambo yakienda kombo

*Matone ndani, na nje hakuna mvua.* Hutokea Juni na Julai, asubuhi. Ni mvuke wa jikoni na wa pumzi unaogandia kwenye bati baridi. Kutafuta tundu ni kupoteza siku. Dawa ni foili chini ya bati, dari, na matundu ya hewa kwenye upenu. Hita za gesi na sufuria zisizofunikwa huzidisha.

*Linavuja kwenye skurubu.* Washa imepasuka au imebanwa mno. Toa, weka skurubu nene kidogo yenye washa mpya. Silikoni juu ya washa mbovu hukaa msimu mmoja. Na ukitumia silikoni, isiwe ile yenye harufu ya siki, kwa kuwa hula mpako.

*Linavuja kwenye kiungo cha mlalo.* Pima walivyopandanisha. Milimita 150 hutosha mwinamo ukiwa nyuzi 15 au zaidi. Chini ya hapo iwe 200 hadi 225. Kama ni fupi, utepe wa butili, ule wa mpira unaonata, kati ya mabati mawili utasaidia. Nje ya kiungo hausaidii.

*Unga mweupe kwenye bati jipya.* Tenganisha mabati, yakauke, sugua kwa brashi ya nailoni na maji. Ukiona kijivu chini yake, lipandishe. Ukiona wekundu, lirudishe dukani.

*Kutu nyekundu ukingoni baada ya mwaka.* Ikiwa ni uzi mwembamba wa milimita moja au mbili na hauendelei, ni ukingo uliokatwa na mpako bado unaulinda. Ikiwa inapanda juu ya bati na rangi inavimba, mpako ni mwepesi au ilitumika grainda. Kwangua, paka rangi ya zinki, na upige picha za dhamana mapema.

*Rangi inaacha unga mkononi.* Jua la mita 1,800 juu ya bahari ni kali, na rangi nafuu huchoka mapema. Bati bado ni zima. Osha, acha likauke, paka rangi ya akriliki ya mabati.

*Chembe za mawe kwenye gata.* Miezi ya kwanza ni zile za ziada kutoka kiwandani. Zikiendelea mwaka wa pili, panda uangalie: penye chuma wazi ni gundi iliyoshindwa au mahali mafundi walipokuwa wakikanyaga. Pakiti ya chembe na gundi kutoka kwa mtengenezaji huziba mabaka madogo. Kigae kilichovuliwa zaidi ya kiganja hubadilishwa.

*Paa linalia saa nne asubuhi na jua likizama.* Bati linatanuka na kupoa. Kwa chuma ni kelele tu. Kwa alumini, angalia matundu ya skurubu kama yameanza kuwa marefu. Yakiwa hivyo, toa skurubu moja moja, panua tundu, rudisha na washa kubwa, ukianzia pau ya chini ambako bati husogea zaidi.